Muvuvi wa Muchana

Samaki tunayemwita sambaza aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Ni mgeni, lakini toka Goma hadi Bukavu hakuna mtoto asiyelijua jina lake. Mdiria, ndege wa mabaka meusi na meupe anayemvua samaki huyo mbele ya macho yetu, hana bahati hiyo. Kwetu Bweremana, ukiwauliza vijana ni ndege gani, wengi watakujibu: "Ni ndege ya mayi." Mnandi naye ni ndege ya mayi, yangeyange vilevile. Kinacholiwa na kuuzwa hupata jina haraka. Kinachopita juu ya maji husubiri mtu wa kukiulizia.

Mimi nilianza kuuliza kwa sababu ya kamera kuukuu. Mdiria humfaa mpiga picha asiye na vifaa vya bei kali. Kabla ya kujitosa majini husimama hewani, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kimetulia kabisa. Sekunde hizo chache zinatosha. Ukiikuza picha, unaona ambalo jicho halikuliwahi: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tu, mara nyingi umekatika katikati.

Lakini kwetu kamera si kitu cha kubeba ovyo. Mwenye nayo hushukiwa kwamba anapeleleza njia na silaha. Kwa hiyo nilijiwekea desturi: kwanza salamu, kisha kuonyesha picha za jana, ndipo nipige za leo. Tahadhari hiyo ilizaa kitu kingine. Watu walipoziona picha, walianza kubishana juu ya majina. Mama mmoja muuza sambaza alitaja la Kihavu, mzee mmoja akasisitiza la Kihunde, na wajukuu wao wakacheka kwa sababu hawakuwahi kusikia lolote kati ya hayo. Mvuvi mmoja, aliyekuwa ametoka usiku kucha kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, aliitazama picha kwa muda mrefu. "Huyu ni mwenzetu," akasema. "Sisi tunavuaka usiku na taa, yeye anavuaka muchana. Ni muvuvi wa muchana."

Kamusi inasema mdiria, na ni neno zuri. Ila mimi lilinifikia kwa kitabu, na hilo la mvuvi lilitoka majini. Chini ya picha niliyaandika yote, kila jina na lugha yake.

Januari 2025 vita vilifika Minova na Sake, na familia nyingi za ufuo huu zikatawanyika. Kamera niliiacha; kadi ya picha niliishona ndani ya upindo wa nguo. Yule mvuvi sijamwona tena. Ndege hawakuhama. Waliotawanyika ni wale wanaojua kuwaita.

Ndiyo maana siku hizi sioni upigaji picha wa ndege kuwa mchezo wa kupoteza wakati. Nawe msomaji, kama una simu, mpige picha ndege wa nyumbani kwenu, umwonyeshe mzee, uandike anachokuambia jinsi anavyokitamka. Usimsahihishe.