Kwenda Geita kwa Njia ya Kakola

Kazi nyingi za seva huzimalizia mezani kwangu Shinyanga. Hii ilidai nauli. Anayehamisha anwani ya IP kutoka kwenye kadi ya mtandao kwenda kwenye daraja la mtandao (bridge), huku ameingia kwenye seva kwa mbali kupitia kadi hiyohiyo, anakata tawi alilokalia.

Sikuwahi kufika Geita. Niliowauliza njia walinielekeza nizungukie Mwanza, kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilishafunguliwa Juni 2025 na kero ya kivuko imekwisha. Nilitaka kuiona nchi ya dhahabu kwa ndani, nikapita Tinde, Isaka, Kahama. Kutoka Kahama nilipanda mchomoko, tukabanana hadi Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Upande huo vumbi halina adabu, na makarasha yanasaga mawe kutwa. Nikaanza kuihurumia feni ya kompyuta niliyokuwa naifuata.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia mlinzi wa kiwanda cha kuchenjulia dhahabu, nilipofika Geita.

"Marahaba, fundi. Wanakusubiri kwa hasira."

Seva yao ya Linux ilibeba mashine pepe mbili juu ya KVM: moja ya hesabu, nyingine ya matokeo ya sampuli. Zote zilipata intaneti, lakini kompyuta ya mhasibu, meza ya pili tu, haikuziona. Libvirt, programu inayosimamia mashine hizo, isipoelekezwa vingine huziweka nyuma ya virbr0, kwenye mtandao wa 192.168.122.0, zikatoka nje kwa anwani ya seva. Kutoka zinatoka, kuzifuata huko ndani ndiyo shida.

Tena seva ilikuwa kwenye Waifai, na hapo daraja la kawaida haliendi: ruta hupokea tu fremu za anwani ya MAC iliyojiunga nayo, zile za mashine pepe inazitupa. Tukanunua kebo mjini, tukaipitisha darini kwenye joto la kuchemsha maharage. Kisha kwa amri ya nmcli nikaunda daraja, br0, nikaifunga kadi ya mtandao, enp3s0, humo. Kadi ikabaki mlango tu, haina anwani yake tena. Anwani ikakaa kwa br0. Nikazielekeza mashine zote mbili huko.

"Mbona kimya, fundi?" aliuliza mhasibu.

"Subiri kidogo, dada."

Hapo ndipo wengi huanza kubomoa walichojenga. NetworkManager huliwasha daraja likiwa na STP, kinga ya mizunguko kwenye mtandao, nalo husikiliza kwa sekunde 15, likajifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo lipitishe chochote. Kwenye orodha ya ruta zikajitokeza anwani mbili za MAC zinazoanza na 52:54:00, alama ya mashine za QEMU, kila moja na IP yake. Nikazitengea IP hizo zisibadilike, nikaizima seva na kuiwasha kuhakikisha daraja linasimama lenyewe.

Mhasibu alifungua hesabu zake, akasoma kidogo, akaanza kulalamikia printa.