Wah Isiyokanyagwa

Pedali ya wah ni mdomo wa kukanyaga. Ukilaza kisigino gitaa linasema “u”. Ukibonyeza kwa vidole linafunguka, “a”. Brad Plunkett aliibuni Marekani mwaka 1966.

Ami yangu, hapa Chake Chake, alikuwa nayo moja. Kisha kikamjia kiharusi. Mkono umerudi, mguu wa kulia haukurudi.

Lakini si lazima mdomo utembee. Mick Ronson, mpiga gitaa wa David Bowie miaka ya mwanzo ya 1970, alikuwa akiiacha pedali nusu njia, sauti ikabaki na irabu moja ya puani. Hiyo ndiyo niliyoitaka, bila mguu.

Ndani hamna uchawi: transista mbili, koili, kapasita chache, betri ya volti 9. Kanyagio kazi yake ni kuzungusha kontroli ya kiloomu 100, kama ile ya sauti kwenye redio. Basi nikailehemu saketi hiyo hiyo, nikaweka kontroli ya kuzungusha kwa mkono, vyote ndani ya kopo la biskuti. Bati likiungwa na waya wa ethi huzuia mvumo.

“Ami, tuiache wapi?”

“Zungusha… rudi kidogo… hapo. Usiiguse tena, mwanangu.”

Palikuwa chini kidogo ya katikati, pale gitaa linaposema “o”. Waimbaji wa taarabu huvuta irabu moja hadi watu wakainuka kutunza. Ami naye sasa anayo yake ya kuvuta. Nimetia nukta ya rangi ya kucha pale, watoto wakiichezea tujue pa kuirudisha.