Barua Zilizokaa Tupioni Siku 25

Sisi akina mama wa Mjimwema tulizoea barua za kupitia sanduku la posta. Barua ikifika ilisomwa, ikakunjwa, ikawekwa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, na aliyetaka kuiharibu ilimbidi ainame kwanza. Barua za siku hizi zinakaa ndani ya simu, na simu ya nyumbani haina mwenyewe. Mama anapigia, mtoto anachezea, baba anawashia tochi kwenda kuangalia ng'ombe usiku. Ndiyo maana nimeona niwaandikie wenzangu mambo yaliyotupata mwezi wa Desemba 2024.

Mdogo wangu alikuwa muuguzi Uingereza, na huko ndiko alikofia mwaka 2021. Binti yake ninamlea mimi tangu alipoanza darasa la kwanza. Mdogo wangu alipokuwa mgonjwa aliandika barua pepe nane, zote kwa anwani yangu, lakini zikiwa za mtoto. Alipenda barua kuliko ujumbe wa WhatsApp, kwani alisema ujumbe mfupi humfanya mtu aseme mambo mafupi. Aliniomba nizitunze, nimpe binti siku atakapopata kipaimara.

Ijumaa tarehe 13, siku mbili kabla ya kipaimara, nilifungua simu nizisome kwanza mwenyewe. Hazikuwepo. Nilitafuta kwa jina la mdogo wangu ikatokea moja tu, tena haikuwa kwenye kikasha ambako barua hupokelewa.

Nilimwuliza mume wangu. Akafikiri kidogo, akasema simu ilikuwa inalalamika kwamba nafasi imejaa, akaipeleka kwa kijana mmoja fundi aisafishe. Tulipomfuata yule kijana, alieleza bila kuficha kwamba alifuta video, kisha akaona barua za zamani zenye picha nzito, akadhani ni takataka. Nia yake ilikuwa njema. Hata hivyo jioni ile nyumbani kwetu mboga ilipoa mezani, na mume wangu alitoka kwenda kuangalia ng'ombe mara tatu, ingawa ng'ombe walikuwa wamelala.

Aliyetuokoa ni kijana wetu anayesoma Dodoma. Alituambia kwa simu, "Mama, msiguse kitu. Kwanza niambieni ilisafishwa lini." Barua ya Gmail ikifutwa haitoweki papo hapo. Inaingia mahali panapoitwa Tupio, ambapo kwenye simu ya Kiingereza huandikwa Trash au Bin, na inakaa humo siku 30. Zikiisha, inafutwa moja kwa moja. Wenye anwani za Yahoo wana muda mfupi zaidi, siku 7 tu. Siku hizo huhesabiwa tangu barua ilipofutwa, hata kama iliandikwa miaka mingi iliyopita.

Mume wangu hakukumbuka tarehe, lakini alikumbuka kwamba siku ile alinunua mbolea ya viazi. Tukatafuta risiti. Tarehe 18 Novemba! Tulihesabu kwa vidole, mimi upande wangu na yeye upande wake, tukapata siku 25.

Ukifungua Gmail kuna mistari mitatu pembeni juu, kushoto. Ukiigusa inashuka orodha, na Tupio liko humo ndani. Tulipofungua tuliona matangazo ya biashara tu, moyo wangu ukavunjika. Lakini kijana wetu alisema tuendelee kushuka, kwa maana Tupio hupanga barua kwa tarehe ziliyoandikwa, siyo tarehe zilizofutwa. Za mwaka 2021 zilikuwa chini kabisa. Tena alitueleza kwa nini kutafuta kwa jina hakukusaidia: utafutaji wa kawaida hauingii ndani ya Tupio. Mtu akitaka autume huko, aandike in:trash halafu jina. Ile moja iliyoonekana ilikuwa haijafutwa kabisa. Kidole kilikuwa kimeitelezesha pembeni, ikahifadhiwa kwenye barua zote. Za namna hiyo hazina siku 30, hukaa tu.

Jambo lililonitisha ni kwamba juu ya Tupio pana maneno ya kufuta kila kitu kilichomo, nayo yapo karibu sana na kidole. Nilimwomba mume wangu ashike simu kwa mikono miwili. Tuligusa barua na kuishikilia mpaka ikawekewa alama, tukagusa nukta tatu, tukachagua kuihamishia kwenye kikasha. Moja, ya pili, ya tatu, mpaka sita.

Sita na moja ni saba. Ya nane haikuwepo, na ndiyo iliyokuwa na miti. Ninyi wa Njombe mnajua maana yake. Mdogo wangu alikuwa amepanda misindano kwenye shamba la marehemu baba, na katika barua ile aliandika kwamba miti hiyo ni ya binti yake, siku ikivunwa imsomeshe. Maandishi ya namna hii si ya kuchezea. Hata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu, kwa masharti yake, yapokelewe mahakamani kuwa ushahidi.

Ilifutwa lini na nani, hatukujua. Lakini barua huwa na pande mbili, aliyeandika na aliyeandikiwa. Upande wa mdogo wangu hatukuweza kuufungua, maana neno lake la siri alikwenda nalo. Isitoshe, Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Ndipo mume wangu akauliza, "Na kaka yako je?"

Kaka yangu anakaa Mjimwema pia, ila ile ya Makambako, kilomita kama 60 kutoka hapa kwetu. (Majina haya yametusumbua sana. Wageni wa harusi yetu waliwahi kuteremka huko wakatungoja sisi.) Kwa kuwa barua ilihusu shamba la baba, mdogo wangu alikuwa amempelekea nakala. Jumamosi jioni aliituma kwangu, ikafika na picha zake: mdogo wangu amesimama katikati ya miche inayomfikia magotini, ameshika jembe kama mtu asiyelima.

Jumatatu mume wangu alizipeleka zote nane kuchapishwa kwenye karatasi, akarudi nazo ndani ya bahasha mbili, moja ikabaki kwa kaka Makambako. Lakini binti hakungoja karatasi. Jumapili wageni walipoondoka aliomba simu, akaenda kukaa jikoni karibu na moto, akasoma mpaka chaji ikaisha. Asubuhi hakusema lolote juu ya miti. Alipokuwa anapepeta mchele aliniuliza, "Mama mkubwa, ni kweli mama aliogopa ng'ombe?"

Nikamwambia ni kweli, tena hata ndama.