Kwatzi ya Mjomba na Namba 32,768

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimenizonga. Leo naandika kuhusu mawe, lakini msikimbie, tarakilishi haiko mbali.

Kila mwandishi wa programu anaifahamu namba 32,768. Ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 15. Fungua saa ya mkononi ya bei ya chini, ile iliyoandikwa Quartz usoni, utakuta ndani mna kiuma kidogo cha kwatzi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inagawa namba hiyo kwa mbili, tena na tena, mara 15, unabaki mpigo mmoja. Hiyo ndiyo sekunde yako. Tarakilishi unayosomea hapa ina kipande kama hicho, ndicho kinachoshika saa hata ukiizima. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba jiwe hili likibanwa hutoa umeme. Saa inatumia kinyume chake: jiwe likipewa umeme linacheza.

Nilipomweleza haya mjomba wangu, ambaye anachimba vito upande wa Kasigau kule Taita, alinyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Mpwa wangu, yale mawe meupe tunayoyatupa kila siku ndiyo yamo ndani ya kompyuta? Basi nitafutie mnunuzi."

Jamani! Mzee ana rundo la kwatzi lenye kimo cha mtu nyuma ya shimo lake. Ilibidi nimweleze kwamba kwatzi ya kwenye mashine siku hizi haitoki shimoni moja kwa moja. Ya ardhini mara nyingi ina pacha ndani yake, sehemu moja imepangika kulia na nyingine kushoto, na huwezi kuziona kwa macho. Zikikutana zinauana nguvu. Kwa hiyo viwanda vinachukua vipande vya kwatzi safi sana, vinaviyeyusha katika maji ya magadi yenye joto kali ndani ya mtungi wa chuma wenye shinikizo kubwa, kisha jiwe jipya linaota polepole kwa wiki nyingi juu ya mbegu iliyoning'inizwa.

"Kwa hiyo wanapika mawe?" Ndiyo, mjomba, wanapika mawe. Na hivyo vipande vya kupikia hununuliwa kwa tani, si kwa gunia.

Anachokitafuta yeye hasa ni tsavoraiti, garneti ya kijani ambayo rangi yake inatokana na chembe za vanadi. Campbell Bridges aliipata Tanzania mwaka 1967, kisha akaifuata hadi upande wetu, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ikaitangaza kwa jina lililotoka Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi Agosti 2009. Si jiwe la mchezo hilo.

Sasa, jambo lililoniudhi si kwatzi. Ni hesabu. Broka anakuja shimoni, anainua jiwe kwenye jua, anapima kwa gramu kwenye mizani yake mwenyewe, analipa. Huko mbele anauza kwa karati. Gramu moja ni karati 5. Ukisikia bei ya karati ukadhani ni ya gramu, umeshapoteza sehemu nne kati ya tano. Kweli, jiwe ghafi likikatwa mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito, na mkataji lazima alipwe, hilo sikatai. Lakini mjomba alikuwa hajui hata uzito wa mawe aliyouza mwaka jana. Hakuwa na mizani!

Basi nimemwandikia kiprogramu kidogo cha simu. Anaingiza gramu na bei aliyopewa, kinamtolea bei ya karati, tena kinakadiria itakuwaje nusu ikipotea kwenye kukata. Mistari 60 tu ya kodi, hakuna cha ajabu. Kinahifadhi tarehe na picha ya jiwe pia, ili broka asimwambie kesho kwamba lile la juzi lilikuwa na ufa.

Mizani ya mfukoni nimemnunulia Nairobi, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Inakwenda na basi la Ijumaa. Lile rundo jeupe bado liko pale pale, ukihitaji kokoto za bustani niandikie.