Damu ya mama mdogo na karatasi ya labo inayopashwa kusafiri naye

Wakaaji wenzangu, na ninyi jamaa za wahami munaosoma ama kusomewa habari hizi kwenye simu ya jirani, leo naandika juu ya upungufu wa damu. Ule wa malaria na wa minyoo kila mama hapa Bukavu anaujua. Huu ninaousema unakuja wakati mwili wenyewe unakataa kuingiza vitamini moja, na kwa mtu aliyeishi kambini ni rahisi watu wauite njaa.

Niliujua kupitia mama mdogo wangu. Alikimbia teritware ya Masisi mwaka 2023, akakaa Bulengo, magharibi ya Goma. Mwezi wa pili 2025, kambi zilipobomolewa, akashuka Minova, kisha akafika kwetu. Kila kituo cha afya alichopitia walimkuta mweupe machoni na viganjani, anahema akipanda kilima kidogo tu. Walimpima malaria, wakampa dawa ya minyoo, wakampa vidonge vya chuma na foliki. Kituo kimoja kilimuongezea damu. Alipata nguvu mwezi mmoja ama miwili, kisha akarudi palepale.

Sitawalaumu wauguzi wale. Mtu anatoka kambini, anakula bugali na sombe tangu akimbie, utafikiri nini? Na kweli, kwetu kinachomaliza damu kwanza ni malaria, minyoo, uzazi wa kufuatana, ukosefu wa chuma, na kwa watoto ugonjwa wa SS. Kuanzia hapo ni haki.

Kilichotutisha sisi ni miguu. Alisema anatembea kama juu ya pamba, kama amevaa soksi na kumbe hakuvaa kitu. Usiku, taa ikizimwa, aliyumba na kushika ukuta. Ulimi wake ulikuwa mwekundu na laini sana, pilipili ikamshinda, yeye ambaye hakuwahi kula samaki bila pilipili. Jamaa wawili walitamka waziwazi: karuho. Walitaka tumpeleke kwa mtu wa kutapisha sumu, na makuta kidogo tuliyokuwa tumekusanya yalikaribia kwenda huko.

Muganga tuliyempata mjini aliuliza swali moja jipya: "Mama, mbele ya vita mulikuwa munakula nini?"

Mama mdogo alicheka. Masisi ni inchi ya ng'ombe. "Dokta, maziwa asubuhi, maziwa mangaribi. Na jibini tulikuwa tunaiuza Goma."

Muganga hakucheka, aliandika. Vitamini B12 iko katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Sombe, maharagi na bugali hazina. Lakini ini linaiweka akiba, na akiba ya mtu aliyekula vizuri inaweza kumfikisha miaka mitatu, hata kuipita. Mama mdogo alianza kuishiwa nguvu mwaka uleule wa kukimbia, na hata kambini alipata sambaza mara kwa mara. Hesabu haikutimia. Kisha muganga akatazama mikono yake, yale mabaka meupe ambayo kambini watu waliyaogopa wakisema ni ukoma. Alieleza kwamba ngozi inayopoteza rangi namna hiyo mara nyingi ni mwili unaojipiga wenyewe, na mwili unaojipiga upande mmoja unaweza kujipiga na upande mwingine.

Upande mwingine ni tumbo. Ndani yake kuna seli zinazoitwa za parietali, zinazotoa asidi pamoja na protini moja inayoitwa fakta intrinsiki. Protini hiyo ndiyo inaishika B12 na kuisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mdogo, ambapo inaingia katika damu. Kwa watu fulani kinga ya mwili inakosea adui: inatengeneza kingamwili zinazozipiga seli hizo, ama zinazoifunga ile protini. Hapo unaweza kula nyama kila siku, vitamini itapita tu. Waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanasema ugonjwa wa Biermer, jina la muganga aliyeuandika mwaka 1872. Waingereza wanamtaja Addison aliyemtangulia. Ulikuwa unaua, mpaka mwaka 1926 Minot na Murphy kule Boston walipoonyesha kwamba wagonjwa waliolishwa ini kwa wingi wanainuka. Vitamini yenyewe ilitolewa safi katika ini mwaka 1948.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni hemogramu. Ya mama mdogo ilionyesha hemoglobini 6, na VGM 118. VGM ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu. Ukikosa chuma zinakuwa ndogo. Ukikosa B12 ama foliki zinavimba, zinapita 100. (Pombe na dawa fulani pia zinazivimbisha, ndiyo sababu namba hii peke yake haitoshi.) Cha pili ni kiwango cha B12 katika damu, chake kilikuwa chini sana. Tukaelewa pia vile vidonge vya foliki vilifanya nini: foliki inaweza kuinua damu kwa muda huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kwa kukosa B12. Alikuwa anaonekana kupona wakati miguu inakufa.

Cha tatu ni kutafuta kingamwili zenyewe, na hicho hakikufanyika hapa. Ilibidi damu ipelekwe Kigali, ikiwa ndani ya barafu, kwa bei iliyozidi chakula chetu cha mwezi. Kaka yangu aliuliza mbele ya wote, na swali lake lilikuwa la akili: "Dokta, kama sindano ni zilezile, kipimo ni cha nini?"

Jibu ndilo lililonifanya niandike. Kama ni chakula kilichopunguka, sindano za miezi michache na samaki kidogo vinatosha. Kama ni Biermer, sindano ni za maisha yote. "Na huyu mama anahama," muganga akasema. "Kule atakakofika, watamwona amepona, wataacha. Ama watamwona mweupe tena, wataanza upya na chuma na foliki. Bila karatasi, nani atajua?"

Tulilipa. Walimtoa damu kwanza, sindano ikafuata siku ileile. Mpangilio huo una maana, sababu sindano ya B12 iliyotangulia kwa siku chache inaweza kuchafua majibu. Lakini hawakungoja majibu ili kumtibu. Miguu ikianza kufa ganzi, kila juma lina bei yake.

Majibu yalikuja: kingamwili za fakta intrinsiki zipo. Zikionekana hizo, karibu hakuna shaka tena. Zisipoonekana, mtu hajaachiliwa, maana kati ya wagonjwa kumi wa Biermer ni watano ama sita tu wanaozionyesha. Zile za seli za parietali zinaonekana kwa wengi zaidi, lakini hata wazee wasioumwa wanaweza kuwa nazo. Kwa hiyo anayepata jibu la hapana huku chembe zake ni kubwa na B12 iko chini, asikubali kufukuzwa na karatasi hiyo.

Dawa yake ni hidroksokobalamini, mikrogramu 1000 kwa sindano. Alichomwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka miguu ilipofika mahali haikuendelea tena kupata nafuu. Sasa ni kila miezi miwili. Dawa hiyo iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, lakini vituo vyetu vidogo mara nyingi havina. Muganga alitupa njia ya akiba: kidonge cha mikrogramu 1000 kila siku. Sehemu ndogo sana, kama moja kwa mia, inapenya bila msaada wa ile protini, na kwa kidonge kikubwa hivyo inatosha kumsukuma mtu mpaka sindano ipatikane.

Leo hemoglobini yake ni 12. Anakula pilipili. Vidole vya miguu bado havisikii baridi ya saruji, na muganga hakutuahidi kwamba vitasikia. Vilikaa muda mrefu bila dawa. Karatasi ya labo imefungwa ndani ya plastiki pamoja na karata ya mupiga kura, picha yake iko kwenye simu tatu za jamaa, na juu yake muganga ameandika kwa kalamu nyekundu, Kifaransa na Kiswahili: B12 maisha yote, foliki peke yake hapana. Mama mdogo ameanza kusema juu ya kurudi Masisi. Anahesabu sindano mbili za kubeba.