Penye Njia Pana Nia: Petroli, Baiskeli na Safari ya Kazini Washington



Kila petroli inapopanda bei, mazungumzo ya baada ya Sala ya Ijumaa hugeuka kuwa ya aina moja. Huyu hueleza alivyolipa kujaza tangi, yule hutaja kituo kilicho nafuu kwa senti kumi, na hatimaye hutokea mmoja akasema, nusu mzaha nusu kweli, kuwa heri turejee kwenye baiskeli kama nyumbani. Makala haya yanalichukua neno hilo kwa uzito wake. Je, petroli ikiwa ghali, wakaazi wa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia watapanda baiskeli kwenda kazini? Na je, sisi tutakuwa miongoni mwao? Ili kulijibu suala hili inafaa kuzitembelea njia zenyewe, kwani jibu limo barabarani zaidi kuliko katika vituo vya mafuta.

Tuanzie Bethesda, katika Maryland, kaskazini-magharibi ya mji. Hapo huanzia njia iitwayo Capital Crescent Trail, ambayo huteremka kiasi cha maili saba mpaka Georgetown, ukingoni mwa mto Potomac. Zamani ilikuwa ni reli ya mizigo. Treni ziliacha kupita mwaka 1985, reli zikang'olewa, na mahali pake pakatandikwa lami kwa ajili ya wenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia nayo ni ya mteremko wa taratibu. Mpandaji hupita chini ya miti mirefu, huingia katika handaki la matofali, huvuka barabara kwa daraja la juu, na kisha huuona mto upande wake wa kulia. Gari hakuna. Asubuhi ya siku ya kazi utawaona watu wa maofisini wakiteremka mmoja baada ya mmoja, mikoba yao imefungwa kwenye keria.

Georgetown nako huanzia mfereji wa kale wa Chesapeake and Ohio, ambao ukingo wake uliokuwa ukipitiwa na nyumbu wavutao mashua sasa ni njia ya maili 184 na nusu, mpaka mji wa Cumberland. Ng'ambo ya mto, katika Virginia, iko Mount Vernon Trail, ambayo sehemu zake za mwanzo zilifunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1970. Yenyewe hupita ubavuni mwa uwanja wa ndege wa National, ndege zikitua karibu na utosi wa mpandaji. Kutoka Arlington iko nyingine, Washington and Old Dominion, ambayo pia ilikuwa reli, iliyofungwa mwaka 1968. Hiyo huenda maili 45 hadi Purcellville, na njiani hupita Falls Church, Vienna, Reston na Herndon.

Msomaji atazame jambo moja katika maelezo haya. Hapana hata njia moja kati ya hizi iliyozaliwa na bei ya petroli. Nyingi ni masalio ya treni na ya mashua, ambayo watu wenye kuona mbali waliyatetea yasigeuzwe majumba au barabara za magari.

Ama kuhusu petroli, historia yake katika eneo hili si fupi. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasije Marekani, na kufikia Februari 1974 Maryland iliweka utaratibu wa zamu: gari ambayo namba yake huishia kwa tarakimu shufwa hupewa mafuta siku moja, na ile ya witiri siku ya pili yake. Mafuta yaliporudi, watu nao walirudi katika magari yao. Katika mgogoro huo huo Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, kuanzia Novemba 1973. Lakini Uholanzi haikuishia hapo. Katika miaka hiyo hiyo wazazi walikuwa wakiandamana kwa sababu ya watoto waliokuwa wakiuawa na magari, na serikali ikaanza kujenga njia za baiskeli mji baada ya mji. Mataifa mawili yalipata pigo moja. Lililojenga njia lilibaki na wapanda baiskeli, na lililongojea bei ishuke lilibaki na foleni za magari.

Hata kwetu tuna funzo. Tanzania, mafuta yalipoadimika katika miaka ya 1970 na 1980, ilikataza magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila ya kibali. Amri hiyo ilipunguza magari barabarani kwa nusu siku, lakini haikumzidishia mpanda baiskeli hata shubiri moja ya njia yake mwenyewe.

Tuje katika zama za karibu. Julai 2008 wastani wa bei ya petroli Marekani ulifika dola 4 na senti 11 kwa galoni. Mwaka huo Wamarekani walipunguza kuendesha magari. Kabla mwaka haujaisha bei ilianguka chini ya dola 2. Lau bei ndiyo ingekuwa sababu kubwa, basi baiskeli zingerudi stoo. Lakini katika jiji la Washington mambo yalikwenda kinyume. Sensa ya mwaka 2000 ilionesha kuwa wafanyakazi wakaazi wa jiji waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa kiasi cha asilimia 1.2 tu. Kufikia mwaka 2017 hesabu za idara ya sensa zilikaribia asilimia 5, na huo ni wakati ambao petroli ilikuwa rahisi. Mwaka 2016 wastani wake haukuzidi sana dola 2 na senti 14.

Kilichotokea katikati ni nini? Mwaka 2010 jiji lilichora njia za baiskeli katikati ya Pennsylvania Avenue, baina ya jengo la Bunge na maeneo ya Ikulu, na likatenga njia ya peke yake katika 15th Street. Septemba ya mwaka huo huo zikaanza baiskeli za kukodi za umma, Capital Bikeshare, ambazo mtu huzichukua kituo kimoja na kuziacha kingine. Mwaka 2019 Metro nayo iliondoa katazo la kuingiza baiskeli ndani ya treni saa za msongamano. Wahenga wetu walisema penye nia pana njia. Katika jambo hili la baiskeli imedhihiri kuwa neno hilo hugeuzwa: penye njia ndipo watu wanapopata nia.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Chukua mtu anayekaa maili 10 kutoka kazini, mwenye gari iendayo maili 25 kwa galoni, na afanyaye kazi siku 22 kwa mwezi. Atakwenda maili 440, na atatumia galoni 17 na sehemu sita ya kumi. Galoni ikiwa dola 3, atalipa dola 52 na senti 80. Ikipanda hadi dola 5, atalipa dola 88. Tofauti ni dola 35 na senti 20. Si pesa za kudharauliwa, khasa kwa mwenye watoto na anayepeleka matumizi kwa wazee wake kila mwezi. Lakini ni wachache watakaoacha gari lenye joto na redio, katika baridi ya Januari, kwa ajili ya dola 35. Watanung'unika, watapunguza matumizi mengine, na watalipa.

Pato kubwa la baiskeli haliko katika petroli. Liko katika gari zima. Bima, matengenezo, mkopo wa benki, na maegesho ya kulipia katikati ya mji: hayo kwa pamoja hula pesa nyingi kuliko mafuta. Familia yenye magari mawili ambayo yaweza kuishi na moja imeokoa fedha za kuonekana. Basi suala la maana si "petroli imefika bei gani?" bali ni "je, nyumba yetu yaweza kufanya bila ya gari la pili?" Na jibu lake hutegemea njia iliyo mlangoni mwako.

Hapa ndipo tutoke Bethesda, twende mashariki. Tusimame Langley Park, pale New Hampshire Avenue inapokutana na University Boulevard. Hapo wanakaa wahamiaji wengi, wa Amerika ya Kati na wa Afrika. Barabara ni pana, magari hayana huruma, na mwenda kwa miguu huvuka moyo ukimdunda. Kumwambia baba wa watoto wanne apite hapo kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri si nasaha njema. Katika kaunti ya Prince George's waendao kazini kwa baiskeli hawafiki hata mmoja katika mia. Wala si kwa kuwa wakaazi wake hawaoni uchungu wa petroli. Huenda wanauona zaidi.

Juni 2022 wastani wa bei ya petroli nchini ulivuka dola 5 kwa mara ya kwanza. Wakati huo, baada ya maradhi ya korona, watumishi wengi wa maofisini walikuwa wakifanya kazi majumbani. Waliobaki barabarani ni wauguzi, wasafishaji, walinzi, wapishi na madereva wa teksi, yaani watu wa jamaa zetu. Bei ya juu iliwapata wale ambao kazi zao haziwezi kufanywa nyumbani, ambao zamu zao huisha usiku wa manane, na ambao wamehamia mbali kwa kukimbia kodi za nyumba. Kwa hiyo anayesema petroli ipande ili watu wapande baiskeli, naye akaishia hapo, amemtoza faini mtu ambaye hakupewa njia nyingine ya kupita.

Hata hivyo tusikate tamaa, kwani mashariki nako kuna njia ambazo wengi wetu hatuzijui. Nyuma ya majumba ya Langley Park unapita mto mdogo wa Northwest Branch, na kando yake pana njia ya lami. Ukiifuata kusini utafika Hyattsville, kisha Bladensburg, na kutoka hapo njia ya mto Anacostia, ambayo kipande chake kilichokuwa kikikosekana kilifunguliwa mwaka 2016, itakufikisha hadi Navy Yard ndani ya jiji. Ni safari ya zaidi ya maili 10, na sehemu kubwa yake haina gari. Ila zimo aibu zake: usiku sehemu nyingi hazina taa, na mvua kubwa ikinyesha maji ya mto hupanda juu ya njia. Hizo ni kasoro ambazo kaunti yaweza kuzirekebisha, lau wenye kuzihitaji wataonekana kuzihitaji.

Liko na jengine ambalo halimo mikononi mwa kaunti. Kwetu baiskeli ni chombo cha mnyonge. Mashamba ya Unguja na Pemba ilibeba ndizi, samaki na makuti. Mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, ilibeba abiria na ikazaa jina la boda boda, kabla pikipiki hazijaurithi mtaa. Mtu aliyevuka bahari huona kuwa gari ni ushahidi kwamba safari yake imefaulu, na huona haya jirani akimwona juu ya tandiko la baiskeli. Lakini dini yetu imetukataza israfu na majivuno, na haikumwona mtu duni kwa chombo alichokipanda.

Basi nasaha zetu ni hizi. Anayetafuta nyumba ya kupanga aulize, pamoja na kodi na skuli, njia ya baiskeli iko umbali gani. Anayetaka kujaribu aanze Jumapili asubuhi, aijue njia kabla hajaitegemea. Asipande bila ya kofia ngumu, na achukue taa ya mbele na ya nyuma, kwani mwezi wa Disemba Maghribi huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwenye kutoka kazini saa hiyo atasali kwanza kisha apande gizani. Kamati za misikiti ziweke vyuma vya kufungia baiskeli, ili vijana na wasio na gari wapate kufika darsani. Na kaunti inapoitisha kikao cha wazi juu ya barabara, tuhudhurie na tuseme. Wakaazi wa Bethesda waliipata njia yao kwa sababu kulikuwa na watu waliohudhuria vikao, miaka nenda miaka rudi.

Petroli itapanda na itashuka, na hilo hatuna uwezo nalo. Njia ikishajengwa haishuki bei. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, waliomo ndani ya magari na walio juu ya magurudumu mawili.