HIRBADAW: WANAANZA KABLA YA CHAI, LAKINI CHAI WANAKUNYWA!

Mjini siku hizi ukitaka kuonekana wa kisasa, amka saa kumi na moja alfajiri, vaa raba, kimbia na tumbo tupu. Eti mafuta ya kiunoni yanayeyuka kama samli kwenye kikaango. Kina dada wenye sendofu wiki tatu mbele ndio usiseme! Chai hawagusi, chakula cha usiku wamekipiga marufuku, na asubuhi wanakata mbuga kutoka Sinza mpaka Mwenge, macho yamewatoka kama wamefumaniwa.

Sasa, mpenzi msomaji, kama kazi kabla ya chai ndiyo dawa ya kitambi, basi mabingwa wa dawa hiyo hawako Dar. Wako Hirbadaw, upande wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, nchi ya Wairaqw na Wabarbaig. Nilikwenda huko na rafiki yangu mmoja, bibi harusi mtarajiwa, naye alibeba raba zake.

Kutoka Arusha unapanda basi la Singida, unapita Babati, unashuka Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Mpaka hapo ni lami, unaweza hata kusinzia. Ukiiacha lami ndipo unapoanza kula vumbi juu ya bodaboda, koti umelifunga mpaka kidevuni, maana baridi ya kule haina adabu. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, umesimama pale kama mlinzi wa benki.

Saa kumi na mbili kasoro nyumba nzima iko macho. Mama mwenyeji wetu keshakamua ng'ombe. Mabinti wanarudi na ndoo za maji kichwani. Vijana wanatoa mifugo zizini. Watoto wa shule wanachapa lapa, wengine mbio kabisa, daftari mkononi. Hakuna aliyetia kitu tumboni, na hakuna anayeyaita hayo mazoezi.

Rafiki yangu akatokea na raba nyeupe peee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi na baridi hii?"

"Nakwenda kukimbia, mama."

"Nani anakukimbiza?"

Mbavu sina! Basi, mtoto wa mjini akaondoka. Kilima cha kwanza akakimudu. Cha pili akakaa chini, uso rangi ya jivu, mikono inatetemeka, jasho la baridi linamtoka. Usiku wake alikuwa ameonja matonge mawili tu ya ugali, mengine kayasukuma pembeni ya sahani. Tukamrudisha taratibu, mama akampa chai ya maziwa yenye sukari, baadaye ugali na maziwa ya mgando. Alipopata nguvu, mama akamwambia bila kupandisha sauti: "Sisi tunafanya kazi kabla ya kula, mwanangu. Hatufanyi kazi badala ya kula."

Siri yote iko hapo, na wala si maneno ya kijijini tu. Ukilala usiku kucha, akiba ya sukari kwenye ini inapungua, kwa hiyo ukikimbia kabla ya chai mwili unachota mafuta zaidi kuliko ukiwa umeshakula. Hiyo ni kweli. Lakini mwili ni mhasibu mjanja: ukichoma mafuta mengi asubuhi, mchana unaweza kuchoma machache, jioni hesabu ikakaribia kuwa ileile. Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na watafiti wenzake wa Marekani waliwagawa wasichana 20 makundi mawili. Wote walipunguza chakula, wote wakafanya mazoezi ya saa moja mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Kundi moja kabla ya kula, jingine baada ya kula. Wote walipungua, na tofauti ya maana kati yao haikuonekana.

Na wale wakimbiaji wa kweli je? Ukanda huu umewazaa. John Stephen Akhwari wa Mbulu ndiye aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa na mguu uliofungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, akaongeza ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Mkoa jirani wa Singida umemtoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Usidhani mbio kama hizo zinakwenda kwa njaa. Watafiti waliowachunguza wakimbiaji wa juu wa Kenya walieleza mwaka 2004 kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata kwenye chakula ilitoka kwenye wanga. Ugali huo, dada!

Kwa hiyo, ukipenda alfajiri, endelea. Kunywa maji, tembea au kimbia polepole, na kichwa kikianza kuzunguka, simama. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aongee na daktari kwanza. Ukirudi, kula. Chips za saa nne usiku na soda ya pili ndizo za kukata, maana nusu saa ya mbio za polepole inarudishwa yote na chapati mbili za mafuta.

Gauni likibana, fundi ataliachia pindo. Bibi harusi akidondoka mbele ya wageni, hakuna fundi wa kushona hilo.